Mzee Wendell na Bomba Lake

Jumatatu, 5 Februari
Baridi kali hapa Erie. Mabomba yanapasuka mji mzima, na simu yangu kimya! Wateja wote wako kwa Gail Oberholtzer. Miaka kumi na moja tulifanya kazi ya ufundi bomba pamoja, mpaka tukagombana jina la nani litangulie kwenye gari. Sasa ameweka tangazo mtandaoni: kila anayepiga namba ya tangazo na kuongea zaidi ya dakika moja, Gail anakatwa pesa. Nikakwaruza sauti kama ya mzee, nikapiga. Nikasema mimi ni Mzee Wendell, miaka themanini, bomba linavuja. Dakika tisa! Raha iliyoje.

Jumanne, 6 Februari
Dakika kumi na saba. Gail alinielekeza pa kufungia maji, kisha akauliza kama nimekula. Nikasema supu. Akashangaa: "Supu tu, babu? Baridi yote hii?" Hata hiyo supu sikuwa nayo.

Jumatano, 7 Februari
Nikamchokonoa: hana mwenzake wa kazi? Akasema alikuwa naye, Vernon, fundi hodari, kichwa kigumu. "Namkumbuka yule mpumbavu," akasema. Nikakata simu. Hata dakika haikutimia. Hasara kwangu.

Alhamisi, 8 Februari
Aibu! Nilikuwa namsimulia Gail vita ambavyo sikupigana. Kumbe mama ananitafuta: maji yamejaa ghorofa ya chini, na simu yangu inatumika. Akapiga namba ya kwanza aliyoiona mtandaoni, ile ya Gail. Gail akaniambia, "Samahani babu, kuna mtu ana shida ya kweli." Nilipofika kwa mama, bomba limeshazibwa, Gail keshaondoka, na hakutaka malipo. Mama akaniangalia. "Mwenzio ana roho nzuri," akasema. "Wewe una simu."

Ijumaa, 9 Februari
Nilikwenda kwa Gail kukiri. Sikumaliza sentensi ya kwanza, akaangua kicheko. Namba yangu ilikuwa ikitokea kwenye simu yake tangu Jumatatu! Nikauliza kwa nini basi alipokea. Akasema miaka miwili sijamsemesha. Kama ni lazima niwe babu ndipo tuongee, na iwe hivyo. Akanitaka nirudi kazini Jumatatu. Nimjibu kesho kabla ya saa sita mchana, maana kuna fundi mwingine anasubiri.

Jumapili, 11 Februari
Jana sikupiga. Yaani, nilipiga saa nane. Niliona nimngojeshe kidogo, asije akadhani nina dhiki. Keshamchukua yule mwingine. "Asubuhi yote nilikaa na simu mkononi, Vernon," alisema. Hakucheka safari hii. Nililia ndani ya gari, nje ya duka la vyuma, watu wakipita.
Leo nimeulizauliza kuhusu huyo fundi mpya. Inasemekana anaogopa mbwa.
Kesho asubuhi natafuta mbwa.