Tangi Langu na Tangi la Shemeji

Jumatatu, 4 Novemba

Yanina wa maabara kaja na gari lake. Habari kubwa! Mwaka huu, siku ya gwaride la mji, bendera ya maabara itabebwa na mfugaji mmoja juu ya farasi, mbele ya maprofesa wote. Nani? Yule ambaye tangi lililowekwa na maabara malishoni kwake litanasa mvua kubwa kuliko wenzake kabla ya siku hiyo. Mvua yenyewe si ya maji. Ni chembe zitokazo mbali juu, zikigonga hewa zinapasuka na kumwagika kama mtama wa gunia lililotoboka.

Nikasema basi msisumbuke, andikeni Hipólito Guajardo. Yanina akacheka. Na shemeji yako je, don Hipólito? Shemeji! Anselmo akipanda farasi, farasi ndiye huona haya.

Nimemwambia mke wangu Delmira anipigie pasi suruali ya gwaride. Kasema hiyo suruali itajikunja tena kabla sijashinda, na nisisahau huyo ninayemtukana ni kaka yake.

Jumanne, 5 Novemba

Nimefikiri sana. Mvua hukingwa kwa bati. Nimepanda juu ya tangi na mabati ya zizi, nikayainamisha kama mfereji ili kila kinachoanguka kielekee ndani. Kazi safi! Mbuzi wawili wakanifuata juu, bila kualikwa.

Yanina kapita, kashika kiuno. Mzee wangu, chembe hizo zinapita bati, zinapita kofia yako, zinapita na wewe mwenyewe hapo ulipo. Nikajikagua. Sikuona tundu.

Akanieleza upya. Ndani ya tangi mna maji safi kupita ya kunywa, giza totoro, na macho matatu ya kioo yanayotazama chini. Chembe ikikata maji mbio kuliko mwanga unavyokwenda humo humo majini, hutoa mmweko wa buluu. Macho yakiuona, antena inapeleka habari mjini. Nikamwambia farasi wangu wa zamani alikuwa na mbio hizo hizo, ila mmweko wake ulikuwa wa kahawia. Hakuandika. Wasomi huchagua cha kuandika.

Mabati nimeshusha. Mbuzi wamekataa kushuka.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekwenda kwa Anselmo kunywa yerba, chai yetu ya kibuyu. Kosa. Kibuyu hakijazunguka mara ya pili kaanza majigambo. Tangi lake liko katikati ya mengine, linakula minofu. Lako, shemeji, liko pembeni kabisa, huko zinafika zilizochoka. Makombo! Kwangu mimi, niliyewaonyesha wataalamu mahali pa kuliweka!

Nimekutana na Yanina njiani. Nikamuuliza, kwa upole, hayo macho ya tangi yanaishi kwa kula nini. Kasema kwa betri, na betri kwa sola. Jua likikosekana siku mbili tatu, tangi linalala. Akataka kujua kwa nini nauliza. Nikamwambia elimu haina mwisho.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemtafuta mbuzi aliyepotea kwa Anselmo. Hakuna mbuzi aliyepotea. Poncho langu jekundu, blanketi langu la kuvaa, likaanguka juu ya sola ya tangi lake. Likaanguka vizuri, likajifunga lenyewe fundo kila pembe. Mungu mkubwa.

Jumatatu, 11 Novemba

Yanina kaja mbio, hata mlango wa gari hakufunga. Don Hipólito, jana mchana mvua ya ajabu imeangukia kwako! Tangi lako limelia kwa nguvu, na la doña Ercilia, kule kwenye ziwa kavu, likalia nalo. Nikamwita Delmira alete suruali.

Kisha akasema lakini.

Tangi moja hulia ovyo mchana kutwa, kwa chembe hizi zipitazo kila saa. Ndiyo maana kompyuta ya mjini haiamini mpaka matangi matatu yanayopakana yalie kwa pamoja. Langu lipo kwenye pembe, lina majirani wawili tu: la Ercilia na la Anselmo. Na la Anselmo limelala. Mashahidi wawili, wanatakiwa watatu. Mvua yangu imetupwa! La shemeji yako lingekuwa macho, kasema Yanina, bendera ilikuwa yako.

Nikauliza limelalaje, maskini. Akasema anakwenda kutazama sasa hivi. Nikamwambia njia ni mbaya. Akaenda.

Jumanne, 12 Novemba

Anselmo kaja na kibuyu chake. Kazungumzia upepo tu. Upepo wa siku hizi una akili, kasema, umejua hadi kufunga fundo. Delmira akaniuliza poncho langu liko wapi. Nikasema nimeliazimisha. Kwa nani? Kwa upepo, akadakia Anselmo. Kaka na dada wakacheka mpaka yerba ikawapalia.

Mimi sikucheka. Mtu mzima hachekicheki.

Jumamosi, 16 Novemba

Gwaride. Tangi la Anselmo liliamka tu, juzi likanasa mvua pamoja na majirani wake wanne. Mvua ya kawaida, haifikii hata magoti ya ile yangu! Nimelalamika. Nimeambiwa yangu haina mashahidi.

Basi Anselmo mbele na bendera, farasi akiona haya kama nilivyosema. Na mabegani? Poncho langu! Watu makofi: limekukaa hilo, don Anselmo! Nami nyuma yake, njia nzima natazama mgongo wangu mwenyewe ukishangiliwa. Delmira kapunga mkono. Sikujua kampungia mume, kaka, au poncho. Alilifuma yeye.

Jumapili, 17 Novemba

Anselmo karudisha poncho, limefuliwa. Kasema shemeji, matangi haya ni kama mafiga, moja halipiki. Mwakani tuyalinde sote. Yanina naye kasema hivyo hivyo, kwa utaratibu, kama anayemlisha mgonjwa uji.

Nimewaelewa vizuri sana. Kosa langu nimeliona: nilitumia poncho langu mwenyewe. Mwakani nitafunika yote mawili, la Anselmo na la Ercilia, tena kwa blanketi za Anselmo. Hapo langu litalia peke yake, na bendera wampe nani mwingine?

Nimeshachagua mbuzi wa kupotea.