Uzinduzi wa Mtambo wa Kula Moshi wa Tanuri

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye ni mimi, mheshimiwa Naibu wangu, ambaye pia ni shemeji yangu, wazee wa mtaa, akina mama, vijana, wenye vyeo na wenye kuvitamani, nanyi mliokaa juani kwa kuwa turubai limeishia kwa waheshimiwa (makofi, chini ya turubai tu):

Leo, kwa mujibu wa fremuweki shirikishi ya mpango mkakati wa awamu ya pailoti, nazindua mtambo huu mkubwa uliofunikwa kitambaa, utakaovuta kaboni dayoksaidi ya tanuri letu la chokaa, uipitishe juu ya kichocheo, yaani unga wa madini ambao mimi binafsi niliuelewa siku ileile nilipoelezwa, upande wa pili itoke spiriti ya kuuza viwandani, kisha unga wenyewe unanaswa kwa sumaku, unaoshwa, unarudishwa kazini, haupungui wala hauchoki, kama mimi, mnayenichagua mwaka nenda mwaka rudi nikiwa vilevile. (Sauti ya nyuma: “Hapo hujadanganya.”)

Utafiti uliofanyika mezani kwangu unaonyesha asilimia mia na kumi na mbili ya moshi itakwisha. (Mwalimu wa hesabu akohoa.) Hiyo kumi na mbili, mwalimu, ni ya mtaa wa jirani. Sisi si wachoyo.

Namwona dada dobi kanyoosha mkono tangu nianze. Haya, sema.

(“Mheshimiwa, sisi tuliomba bomba la moshi lirefushwe, basi. Masizi yananitulia kwenye mashuka ya hospitali. Wamesema yakirudi meusi tena, kazi wanampa mwingine, na keshokutwa nayapeleka. Mtambo unawashwa lini?”)

Swali zuri, na swali zuri halijibiwi kwa pupa. Kurefusha bomba ni fikra za jana, dada yangu. Fundi yeyote anaweza. (Kicheko. Dobi hacheki.) Subira yavuta heri, nami nimekutengea subira ya kutosha.

Tuseme pamoja: Moshi ni mali. Kaboni, kazini! (Naibu, peke yake: “Kazini!”)

Kwa kuhitimisha, namshukuru fundi rangi, na seremala aliyetupigia boksi hili jana. Tafadhali msiliegemee, gundi bado mbichi. Nawe dada dobi, usininunie, ofisi imekusikia. Humo ndani ya boksi hamna kitu, ni pakavu, na moshi hauingii. Kaanike mashuka yako.