Blanko Juu ya Mapalo

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu Martine anachora ramani kubwa ukutani, ukumbi wa parokia, hapa mtaani kwetu, mtaa uitwao Kenya. Vijiji vilivyomezwa na migodi vitaandikwa kwa rangi, ila vile tu vinavyoonekana kwenye ramani ya zamani. Mwisho Jumapili. Chetu, Chishimba, kina jina la babu yangu. Lazima kiwemo! Mama yangu amezikwa kule, na leo kule ni shimo ambamo malori yanaonekana madogo kama maharagwe. Mulenga, kaka wa mke wangu, niliyekua naye kijiji kimoja, anajigamba kwamba atakipata kabla yangu. Tutaona.

Jumanne, 4 Machi
Maktaba. Ramani ya 1932. Mji wetu bado unaitwa kwa jina la Wabelgiji, Élisabethville. Saa mbili na kioo cha kukuzia. Chishimba hakuna! Pale kijito kinapopinda kati ya vilima viwili, mahali ninapoweza kufika nimefumba macho, wameandika "Mapalo". Mapalo ni babu yake Mulenga! Mchoraji alikuwa na homa. Nimechukua fotokopi.

Alhamisi, 6 Machi
Kazi ya sayansi. Blanko, ule wino mweupe wa kufutia, juu ya Mapalo. Juu ya blanko, kwa wino mweusi na mwandiko wa kikoloni: Chishimba. Kalamu iliteleza mara moja tu, kwenye b. Marie-Thérèse, mke wangu, ambaye huniita kwa jina la binti yetu, aliingia akauliza, "Papa Gaëlle, iko nini inanuka hivi?" Nikamjibu kwamba ni historia. Akafungua dirisha.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu! Nilikuwa nimeshampa Martine fotokopi yangu, Mulenga akafika ukumbini na ramani ya 1958. Humo, kwa herufi za chapa: Chishimba! Nilitaka kumkumbatia. Lakini kimewekwa ng'ambo ya pili ya kijito. Martine akaeleza jambo ambalo mtoto yeyote wa kwetu angelikumbuka: kijiji kiliitwa kwa jina la chifu wake. Mzee Mapalo alipokufa, watu walivuka, wakajenga upya chini ya babu yangu, chifu mpya. Kijiji ni kimoja. Makaburi hayakuvuka. Akaniuliza mama amelala wapi. Kidole changu kikaenda chenyewe, kikatua juu ya blanko.

Martine akaigeuza fotokopi, akaielekeza dirishani. Mapalo akasomeka kinyumenyume.

Mulenga: "Shemeki, umemuzika nkambo wetu mara ya pili!" Wote wakacheka, isipokuwa Marie-Thérèse. Nilikuwa nimesahau: huyo nkambo, babu yake Mulenga, ni babu yake pia. Leo nalala njaa.

Jumapili, 9 Machi
Nimeomba msamaha mbele ya ukuta. Martine ameandika yote mawili: Mapalo, mshale, Chishimba. Kando ya Mapalo ameweka msalaba mdogo, wa mama. Mulenga alinishika bega, hakutania. Nikaapa kutochezea ramani tena.

Lakini herufi za Mapalo zimezidi zetu kwa upana wa kidole kizima! Nimepima. Na kabla ya Mapalo alitawala nani? Baba wa babu yangu, bila shaka yoyote. Kesho narudi maktaba. Wana ramani ya 1911: pale penye kijito ni peupe tupu. Safari hii hakuna babu wa mtu wa kumfuta.