Zamu ya Ubao wa Nagiura

Idara ya Utulivu wa Nafsi ya mji wa Nagiura ina furaha kuutangazia umma kwamba, kuanzia Jumatatu hii, wasiwasi umekoma.

Tangazo hilo lilisomwa na Mkuu wa Idara, Bwana Kuramochi, katika ukumbi wa muziki wa viti mia nane, uliojengwa kwa fedha za kinu cha nyuklia katika mji wenye wapiga muziki wawili, mmoja wao kiziwi. Kinu kilikuwa kimeleta mengi: ukumbi, bwawa la maji moto, ajira kwa vijana. Kilichukua ghuba tu. Kuramochi aliona hiyo ni biashara safi, maana ghuba haina hata kiti kimoja.

Sasa alitaka kitu kimoja: Ngao ya Utulivu ya mkoa, ili apandishwe makao makuu. Kikwazo kilikuwa vipaza sauti vya tahadhari. Kila vikijaribiwa watu wanashtuka, na mshtuko unaharibu takwimu. Akaving'oa. Tahadhari zote zingepita kwa ubao wa mtaa, ule ule unaozungushwa nyumba kwa nyumba na habari za takataka na sherehe za watoto: unasoma, unapiga muhuri, unampelekea jirani.

"Na kinu kikilipuka, Mkuu?" aliuliza Bibi Toyo, aliyekuwa akipiga mbizi ghubani kabla ya kinu kuja, na ambaye nyumba yake imepakana na ukuta wa kinu.

"Kinu hakilipuki, Bibi. Kinapitia hali isiyotarajiwa."

"Mume wangu miguu haina kazi. Mpaka nimvishe, nimtoe, jua limezama. Nataka kusikia mapema."

"Utasikia kwa zamu yako."

"Makubwa! Yaani hata kufa tupange foleni?"

Ukumbi mzima ukacheka. Kuramochi akakiandika kicheko hicho kama dalili ya utulivu, kisha akasoma kanuni aliyoitunga mwenyewe: ni marufuku kuhama kabla ya kumkabidhi jirani ubao. Zamu ingeanzia kwa Bibi Toyo na kuishia nyumbani kwa Mkuu, juu kilimani, maana kiongozi bora hujitanguliza nyuma. Wa mwisho angeurudisha kwa wa kwanza.

Alhamisi asubuhi bomba la mvuke lilipasuka kinuni. Mpwa wa Bibi Toyo, fundi huko, alimpigia simu shangazi yake. Bibi akapiga kelele mtaani, akamwachia jirani mumewe, akakimbilia Idarani.

"Mkuu, bomba limepasuka! Basi linapakia watu, twende!"

Kuramochi hakuinua macho. "Ubao uko wapi?"

"Nimekuja na mdomo."

"Habari ya mdomo ni uvumi. Lete kwa ubao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Bibi."

"Na mkuu asiyesikia, je?"

Bibi Toyo alimwonea huruma kwelikweli. "Haya baba. Utakufikia."

Mchana ule ulikuwa mtamu. Simu haikulia, mtaani hakupita gari wala mbwa. Kuramochi alituma ripoti mkoani: malalamiko, hakuna. Akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Ubao ulikuwa unaning'inia langoni kwake. *Bomba limepasuka. Ondokeni.* Chini yake mihuri ya mji mzima, myekundu, yote imepigwa ndani ya basi. Pembeni kulikuwa na figili za kusindika, kama ilivyo desturi ya ujirani, na neno la Bibi Toyo: mzee wangu kapanda wa kwanza.

Akapiga simu makao makuu. "Nimebaki peke yangu! Nitumieni gari!"

"Umepiga muhuri?"

"Nimepiga!"

"Umemkabidhi jirani?"

"Jirani gani? Wameondoka wote!"

"Basi huwezi kuhama, Bwana Kuramochi. Kanuni yako ni nzuri mno, leo asubuhi tumeipitisha mkoa mzima. Na hongera, Ngao ni yako."

Alishuka kilima taratibu, ubao mkononi, figili kwapani, kuelekea ukuta wa kinu, kumbishia hodi Bibi Toyo.