Taarifa Rasmi Kuhusu Kompyuta Iliyopumzika

Umma unatangaziwa kwamba kompyuta ya Kituo cha Mwamko wa Kidijitali, Mashimoni, hapa Kibera, haikuharibika. Ilipumzika. Sasa imerudi kazini, na wale waliokuwa wakisema kwenye kioski cha maji kwamba imekufa wanatakiwa kuiomba radhi.

Mimi ni Mutinda Ndululu, Katibu wa Kamati ya Usimamizi, Itifaki na Mambo Mengine ya Kituo hicho. Sipendi porojo. Naeleza haya kwa sababu huku Kibera ukinyamaza kidogo tu, unapata watu washakutungia hadithi, na ndani yake ushapewa mke wa pili.

Kwanza mjue jinsi mashine ilivyokaa. Ilipowasili tuliipokea kwa maombi, na Mwenyekiti wetu, Bwana Gerishon Muchiri, akaagiza ifunikwe pazia zito jekundu mpaka siku ya uzinduzi, ambapo mgeni rasmi angelivuta watu wapige makofi. Mgeni rasmi akaahirisha. Akaahirisha tena. Na kazi haingoji mtu, watu wanataka pini ya kodi, ile namba ya mlipakodi, wanataka kujaza fomu za shule. Tukapitisha kwamba skrini na kibodi zitolewe nje kwa matumizi ya muda, lakini boksi lenyewe, lile ambalo sisi wataalamu tunaliita CPU, libaki limefunikwa gubigubi na utepe juu yake, maana kisheria lilikuwa bado halijazinduliwa. Likawa linanguruma humo ndani ya pazia asubuhi hadi jioni. Faida zilionekana mapema. Chai yangu niliiweka juu yake na haikupoa hata siku moja, na paka wa jirani akahamia kwetu.

Kuhusu Mwenyekiti, yeye ni mtu wa Kawangware, ana ploti huko na wapangaji tele. Wapo wanaouliza mbona mtu wa Kawangware aongoze kituo cha Kibera. Jibu ni rahisi. Kawangware wanamjua.

Kila siku baada ya chakula cha mchana Mwenyekiti alijifungia na kompyuta kwa zoezi aliloliita Kupima Uwezo wa Mitambo. Kupitia mlangoni tulisikia mtu akifoka kuhusu refa, mara nyingine tukasikia "goooo!" ikivutwa mpaka mabati yanatetemeka. Niliwaeleza wananchi waliokuwa kwenye foleni kwamba huo ni mjadala wa sera.

Siku ya tukio jua lilikuwa kali na mjadala ulirefuka kuliko kawaida. Tukasikia "Penalti! Penalti!", halafu mlio kama mtu amepuliza mshumaa, kisha kimya. Mwenyekiti akatoka jasho likimtiririka, tai imegeukia mgongoni, akatutazama mmoja mmoja.

"Kuna mtu amekuwa akicheza gemu na mashine ya umma," akasema.

Tulichukua hatua zote za kitaalamu. Tulifinya swichi. Tukaifinya tena tukiwa tumeinama. Tukabadilisha soketi, tukachomoa waya, tukaupangusa na kuurudisha. Nalianya, mjumbe wetu wa usalama, akalipiga boksi kofi la ubavuni, lile la kuamshia redio. Taa ndogo ikawaka, feni ikakohoa mara moja, ikazima. Kila aliyeligusa aliondoa mkono haraka akipuliza vidole, na Kamati ikakubaliana kwa kauli moja kwamba lina joto.

Hapo ndipo Kasiva aliposema. Kasiva ni msichana anayehudumia watu pale kwa kompyuta, mpole, lakini ulimi anao.

"Si mtoe tu hilo pazia ipate hewa?"

Kila mtu chumbani alijua ni kweli. Hata mimi nilijua, tena siku nyingi, tangu ile chai. Lakini kujua ni jambo moja na mamlaka ni jambo lingine. Nikamwuliza kama yeye ndiye mgeni rasmi, akasema hapana. Nikamwuliza kama anajua aibu itakayotupata pazia likivutwa kabla ya makofi. Akasema hata kuku ukimfunika hivyo atakufa. Nikaweka kwenye kumbukumbu kwamba mhudumu amelinganisha mali ya umma na kuku.

Mwenyekiti akamgeukia. Nani hukaa na funguo? Kasiva. Nani hapa ni kijana? Kasiva. Na vijana wa siku hizi wanajua nini zaidi ya gemu? Akamnyang'anya funguo palepale na kumsimamisha kazi uchunguzi ukisubiriwa. Kasiva hakulia. Alisema tu kwamba mamake, Syokau, mguu umemkatalia, hauzi mboga tena, na hii kazi ndiyo inayowalisha na kuwalaza. Alikuwa anaongea na Mwenyekiti lakini macho yake yalikuwa kwangu. Nilimhurumia, sikatai. Niliumia sana. Lakini huruma haina kifungu katika kanuni zetu, nilizikagua.

Kamati ikaketi. Mwenyekiti mwenyewe, akizungukazunguka chumba, akabuni azimio lililoitwa Mchezaji Atambuliwe kwa Kucheza. Kila mshukiwa angecheza gemu ya mpira mbele ya umma, na atakayeonekana ana mazoea, huyo ndiye aliyeichosha mashine. Adhabu yake ni kuondoka ofisini siku hiyohiyo, kukabidhi funguo zote, na kutoshika tena cheo chochote kituoni. Niliuliza kama si kali mno kwa msichana wa watu. Mwenyekiti akanijibu kwamba sheria ni msumeno, kisha akataka niongeze maneno "bila kujali cheo", kwa kuwa yanasikika vizuri kwenye spika. Nikaongeza.

Kwa vile mashine yetu ilikuwa imepumzika, zoezi lilihamishiwa kwa Rahab. Huyu ni mama wa hapa Mashimoni mwenye kibanda cha gemu, na hata vijana wa mtaa wa Ayany walio na skrini kubwa kwao huvuka kuja kuchapwa naye. Kamati ilimteua Rahab kuwa Kipimo cha Kitaifa, yaani kila mshukiwa acheze dhidi yake. Watu walijaa mpaka kwenye mtaro. Mimi nikasoma azimio zima kwa spika, na nilipofika "bila kujali cheo" wakashangilia, Mwenyekiti akawapungia mkono.

Nalianya alitangulia. Akauliza sisi ni wale wa jezi gani, na kabla hajajibiwa alikuwa amefungwa. Akatangazwa safi. Mimi nikacheza kwa heshima na sikuugusa mpira. Safi. Kisha Kasiva akaketi, akashika pad ya kuchezea juu chini, Rahab akamgeuzia. Kila mtu alijua kwamba akibahatisha hata bao moja, mamake amelala njaa.

Hakubahatisha. Jamani, sijawahi kuona mpira wa aina ile. Alimpiga chenga mwenzake. Alimpasia refa. Mlinda lango wake alitoka na kwenda upande ambao hakuna mtu aliyemwita. Wazee wawili wakaondoka kwa uchungu.

Ningetangaza yuko safi, lakini Mwenyekiti akaninyima spika. "Huyu anajifanya," akasema. "Mtu hawezi kuwa mbaya hivi bila mazoezi. Nimeshaona. Ni yeye."

Minong'ono ikapita kibandani. Kasiva akageuka na safari hii machozi yalikuwa yanamlengalenga. Akasema, "Chair, mimi hata sijui mahali pa kufinya." Mwenyekiti akamwambia acheze hadi mwisho, sheria ni sheria. Akacheza. Na kwa namna ambayo hata Rahab hakuielewa, mpira ukamfikia mtu wake mmoja akiwa peke yake mbele ya goli, hakuna beki, mlinda lango kaanguka.

Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yake. Nikaona mabega yanaanza kucheza.

"Piga," akasema kwa sauti ndogo.

Kasiva akarudisha mpira nyuma.

"Aaah! Ni nini hii! Lete hapa!"

Akampokonya pad, akaketi, akavua koti bila kuangalia linaangukia wapi. Na hapo, wananchi, sina budi kusema ukweli: mtu huyu anajua. Vidole vilikuwa vinakimbia kama vya mama anayechambua mchele. Akatoka nyuma, akamzungusha huyu, akamlaza yule, akapenyeza mpira katikati ya mabeki wa Rahab, bao. Akaruka hadi mlangoni, akafunika uso kwa shati kama wachezaji wafanyavyo, tumbo lote nje, akarudi mbio kuketi maana mpira ulikuwa unaanzishwa tena.

Rahab hakukasirika. Akaendelea kucheza, akauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya:

"Chair, hiyo pasi ya kupenyeza umejifunzia wapi?"

"Ofisini," akajibu Mwenyekiti, macho kwenye skrini.

Halafu kicheko kikaanzia kwenye mtaro, kikaingia ndani, kikatukuta sisi Kamati tumesimama kama nguo zilizoanikwa. Nilijaribu kumwokoa, Mungu ni shahidi. Nikainama nikamwambia kwamba nadhani amesema ofisini akimaanisha katika maisha kwa jumla. Akaniambia nitoke mbele ya skrini.

"Katibu, soma azimio!" mtu akapaza sauti.

Nilisoma. Nifanye nini? Lilikuwa na sahihi yake. Kuondoka ofisini siku hiyohiyo, nikasoma. Kukabidhi funguo zote. Na kabla sijafika pale penye "bila kujali cheo", wakayasema wenyewe kwa pamoja, kama watu wanaoitikia kanisani.

"Sawa, sawa, nimesikia," Mwenyekiti akasema. "Lakini ngojeni kwanza. Ninaongoza."

Kasiva akasimama mbele yake akapanguza uso na kiganja.

"Chair, funguo zangu. Nataka nikaivue ile mashine kabla ya giza."

Hakubishana naye. Sidhani hata alimwona. Aliinua kiuno, akaingiza mkono mmoja mfukoni akipapasa, wa pili ukabaki kwenye pad. Funguo zikagoma, zikanasa kwenye uzi wa mfuko. Rahab hana huruma na mtu wa mkono mmoja. Akapiga kutoka mbali, wavu ukatikisika, na papo hapo funguo zikatoka.

Mwenyekiti akaangalia skrini. Akamwangalia Kasiva akipenya kwenye umati na funguo mkononi, watu wakimpisha. Akarudi kuangalia skrini, na hapo ndipo machozi yakamtoka.

"Katibu," akasema, "andika hiyo ilikuwa offside."

Nikamweleza kwamba malalamiko ya wananchi hupokelewa asubuhi, na foleni inaanzia kwa Kasiva.