Diski Itafutwa

Jumatatu, 3 Juni

Laptopu ya nyumbani imeanza kutoa mlio. Si ule mlio wa kawaida. Huu ni wa mtu anayesafisha koo kabla ya kutoa habari mbaya. Na humo ndani ndimo yalimo mambo yetu yote: picha za harusi, picha za nyumba tulizohama, vyeti, na juu ya vyote video ya hotuba aliyoitoa marehemu baba mkwe siku tunaoana. Ndiyo video pekee yenye sauti yake. Jumapili mama mkwe anatimiza miaka sabini, na ameomba jambo moja tu, aione hotuba ile kwenye televisheni yetu kubwa, watoto wake wakiwepo. Keki hataki. Zawadi hataki.

Mke wangu kasema ninunue kile kisanduku cha kuhifadhia kinachochomekwa kwenye ruta ya intaneti, mafaili yote ya nyumba yakae humo, na televisheni iyasome yenyewe. Halafu kwa sauti ya chini akaongeza kwamba kwanza nimpigie kaka yake. Hapo damu ikanichemka. Shemeji anatengeneza kompyuta za maofisini, na tangu apate kazi hiyo hawezi kumaliza sahani bila kumweleza mtu jambo. Sitampigia. Mimi ndiye baba wa nyumba hii.

Jumanne, 4 Juni

Kapiga yeye. Kumbe ameshaambiwa. Amesema ninunue kisanduku chenye matundu mawili ya kuchomekea diski, nichomeke diski mbili mpya zinazonakiliana, ili moja ikifa nyingine ibaki. Tena nitoe nakala nyingine pembeni, kwenye diski ya nje, na hiyo ikae kwake. Kwake! Ndoa yangu ikae kwenye kabati la shemeji. Eti nikiwa na kisanduku peke yake sina bekapu, nina kisanduku tu. Nikamshukuru, nikasema nitalifikiria, nikakata simu nikiwa nimeshaamua kufanya kila kitu kinyume.

Kazini saa ya chakula nimesoma maoni ya wanunuzi. Kazi yangu ni kusahihisha maandishi kwenye duka la kuchapisha. Kadi ya mwaliko haitoki pale bila kupita chini ya jicho langu. Sasa, mnunuzi mmoja analalamika kwamba chake kinavuma usiku kucha. Wa pili chake kinapata joto. Wa tatu kachukua cha bei rahisi, sasa filamu zinakwamakwama. Kuhusu idadi ya matundu wanatukanana. Na hakuna hata mmoja anayejua koma inakaa wapi. Watu kama hao nitafuataje ushauri wao?

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda dukani. Muuzaji ni dada mmoja mpole, akanipangia visanduku vitatu kwenye kaunta. Cha kwanza kina tundu moja, kidogo, kimya, cha mtu asiye na mengi maishani. Cha pili kina mawili, na akasema ndicho familia nyingi zinachochukua. Nikamuuliza kama anamfahamu shemeji yangu. Akasema hapana. Sikumwamini.

Cha tatu kina matundu manne. Kizito, cheusi, na mlango wake wa mbele unafunguka kwa heshima. Aliniuliza matundu manne nitayajaza na nini. Nikamwambia mambo ni mengi. Kisha akasema neno lililomaliza ubishi wote: hicho cha tatu menyu yake ni ya Kiswahili. Nikatoa kadi ya benki hapo hapo. Shemeji yeye anatumia Kiingereza kila mahali, hata kwenye saa yake ya mkononi. Mimi ni mtu wa lugha yangu.

Akaniuliza diski, maana visanduku hivi huja vitupu. Nikamweleza kwamba diski ninayo, imo ndani ya laptopu, itatolewa na kuhamia jumba jipya pamoja na mizigo yake yote. Kwa nini nihangaike kuhamisha faili moja moja wakati naweza kuhamisha chumba kizima? Akafungua mdomo kutaka kusema kitu, lakini nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Kisanduku nimekipa jina. Kinaitwa Ghala.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeomba ruhusa kazini kwa dharura ya kifamilia. Nimefungua laptopu kwa bisibisi ya cherehani. Diski imetoka bila matata, ikaingia Ghalani tundu la kwanza. Taa zikawaka mstari mzima. Nikafungua menyu kwenye kompyuta ya kazi ya mke wangu. Ikaandika Karibu. Kiswahili safi. Nikajisikia mwenyeji.

Kisha ikasema diski haijatambuliwa. Sawa, hayo hutokea, hata mimi kazini walichelewa kunitambua. Ukaja ujumbe wa pili: "Diski itafutwa. Uko tayari kuendelea?"

Nimecheka peke yangu sebuleni. Kampuni kubwa kiasi hiki, na silabi imewadondoka! Diski haijatambuliwa, kwa hiyo itatafutwa. Ita-ta-futwa. Sijui nani aliwasomea hayo maandishi kabla ya kuyatoa. Nikaupiga picha ujumbe wenyewe ili niwaandikie na kuwasahihisha bure, kama mtu wa fani. Halafu nikabonyeza Ndiyo. Itafutwe, bwana, mpaka ipatikane.

Imetafutwa upesi mno. Ghala likasema liko tayari na nafasi yote iko wazi. Nikafurahi: tumehamia na mizigo yetu yote na bado kuna nafasi ya kucheza mpira. Mchana kutwa nimelijaza filamu na katuni kutoka kwenye flashi nilizoazima jana kwa wenzangu wa kazini. Limezimeza zote. Hotuba ya mzee haijatokea kwenye orodha bado. Nadhani ndiyo linaitafuta.

Ijumaa, 7 Juni

Shemeji kaja. Kaitwa na dada yake, lakini safari hii na mimi nilikuwa na hamu naye. Akasimama mbele ya Ghala, mikono nyuma, akasema ni kubwa. Kutoka kwake hiyo ni sifa. Nikamtolea ile picha ya ujumbe nikitegemea tutacheka pamoja, tuanze ukurasa mpya.

Hakucheka. Akaisoma kwa sauti, taratibu, akaisoma tena. Akaniuliza hapo kitenzi ni kipi. Ananiuliza mimi! Nikamwambia kutafuta. Akasema ni kufuta.

Nikakaa chini. Nikaliangalia lile neno upya na kwa mara ya kwanza nikaliona lilivyo, halikuwa na kosa lolote, lilikuwa limeandikwa vizuri kuliko kadi nyingi zinazotoka kwetu.

Akauliza kama tangu hapo nimeandika kitu chochote juu ya diski hiyo, kwa sababu kama sijaandika, upo uwezekano wa kuvifufua vilivyofutwa. Nikamtajia filamu. Akasubiri. Nikamtajia na katuni. Akaondoka na diski kwenda kwake, na jioni akapiga simu kusema zimerudi picha chache, nyingine nusu, na hotuba haipo. Halafu akaongeza kwamba anachoshangaa ni kimoja, kwamba katika mafaili yote ikapotea ile video ambayo baba yao ananitania mimi. Akarudia, ili niielewe vizuri.

Mke wangu hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kuanzia kujibu. Aliniambia tu kwamba ile ilikuwa sauti ya baba yake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nimeumia. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma: nimeumia sana.

Lakini kosa si langu. Huwezi kutenganisha kufuta na kutafuta kwa silabi moja halafu ukamlaumu msomaji. Barua kwa watengenezaji nimeshaianza, na ina ukali wa kutosha.

Jumamosi, 8 Juni

Sijakubali kushindwa. Asubuhi nimemtafuta aliyepiga video ya harusi yetu. Siku hizi anauza magodoro. Akasema kanda zetu alizirekodia harusi nyingine zamani sana, na kwamba hayo magodoro yana punguzo. Mchana nikaulegeza waya wa televisheni ili kesho ionekane imeharibika, heshima ya kila mtu ibaki. Mke wangu akapita, akaukaza, akaendelea na safari yake bila hata kunitazama.

Jioni likanijia wazo lenyewe. Hotuba ni maneno, na maneno ndiyo kazi yangu. Nitaiandika upya kwa kumbukumbu na kuisoma mwenyewe, kwa sauti nzito ya marehemu. Tatizo dogo ni kwamba video ile sijawahi kuimaliza. Mwanzo naujua. Mzee alisema amenichunguza kwa muda mrefu na amegundua kwamba ukinituma chumvi nitakuletea maelezo. Ukumbi mzima uliangua kicheko, nami kwa hasira nikatoka nje, sikusikia kilichofuata. Na kwenye video, likifika hilo la chumvi huwa nakwenda jikoni kunywa maji, nikirudi tayari wanakata keki.

Kilichofuata nimekijaza mwenyewe. La chumvi nimelitoa, linapunguza uzito. Badala yake mzee anasifu busara yangu, anasifu bidii yangu, na kwa kuwa mistari ilibaki, anasifu urefu wangu.

Jumapili, 9 Juni

Walikuja wote. Mama mkwe alikaa kiti cha mbele kabisa, na alikuwa amevaa miwani mpya aliyoitengenezesha kwa ajili ya leo. Mke wangu akainama, akamwambia sikioni kwamba video imepotea. Hakutaja aliyeipoteza. Mama akasema haya, akaivua miwani, akairudisha kwenye mkoba. Maneno yote ya shemeji hayajaniuma kama ile miwani.

Nikasimama. Nikatangaza kwamba hotuba haijapotea, ninayo. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye chombo cha maua na kuiwasha irekodi, maana kazi nzuri haifai kupotea. Nikakohoa kama alivyokuwa akikohoa marehemu. Nikaanza.

Nilifika kwenye busara. Mama mkwe akainua mkono na kuniuliza kwa upole kabisa, mwanangu, huyo unayemsoma ni nani? Kwa sababu mume wake, alisema, katika maisha yake alikisifu kitu kimoja tu, nacho kilikuwa pikipiki. Watu wakacheka. Mimi nikabaki na karatasi yangu.

Ndipo akasimama yeye. Akashika mgongo wa kiti kama alivyoushika mzee siku ile, akaisema hotuba nzima. Yote. Pale mzee alipokohoa, akakohoa. Pale mzee alipopapasa mfukoni kutafuta leso, akapapasa. Kumbe kila akija kututembelea, sisi tukienda kazini, yeye alikuwa akibaki na laptopu ile. Mke wangu alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Chumvi ikafika. Nikataka kwenda jikoni, lakini shemeji alikuwa amesimama katikati ya mlango na hakusogea. Ikabidi nisikie mwisho. Mzee alisema: huyu kijana nimemfukuza kwangu sijui mara ngapi, na kila nikimfukuza kesho yake anabisha hodi na sababu mpya, na hakuna hata moja ya kweli. Nimechoka kumfukuza. Binti yangu, mtu anayerudi namna hii sina ubishi naye. Mchukue.

Miaka yote hii nimekuwa nikinywa maji. Nililia mbele ya watu na sikujificha. Mke wangu akaja akanishika mkono, na mama mkwe akaniambia nikalete chakula, tena nilete chakula, nisilete maelezo.

Wageni walipoondoka nikaitazama simu. Imerekodi kila kitu, tangu kikohozi changu hadi kikohozi chake.

Jumatatu, 10 Juni

Shemeji kapiga asubuhi, kwa adabu kabisa, akiomba nimtumie ile rekodi ya Mama ili naye awe na nakala. Nusu saa baadaye mke wangu akaomba hiyo hiyo. Nimewajibu wote wawili kwamba kila kitu kina utaratibu wake. Rekodi itaingia Ghalani kwanza. Tukianza kugawiana nakala ovyo, kesho nani atajua ipi ndiyo yenyewe? Diski nimenunua mpya, moja, imara. Kuhusu ya pili shemeji asinisumbue, nakala ya pili ni ya watu wasiojiamini.

Nimeihamisha mchana huu. Simu ikasema faili limeondoka, nami nikafuta kila kilichokuwemo kwenye simu ipate kupumua. Halafu nikaona kwamba Ghala halikai vizuri pale chini karibu na ruta. Mahali pake ni juu ya kabati la sebuleni, ambapo mgeni akiingia analiona kabla hajaketi. Nilikwenda kulichukua. Menyu ilikuwa imeandika nisubiri kidogo, na taa ya mbele ilikuwa inapepesa haraka haraka. Nimechomoa waya. Katika nyumba hii siamrishwi na taa.