Kidole Changu Kimekataliwa

Kwako Mganga Mkuu wa zahanati yetu,

Shikamoo sikupi, maana ungekuwa mjukuu wangu, lakini heshima ya cheo chako nakupa yote. Hujambo? Wa nyumbani hawajambo? Mimi sijambo, ila nina hasira.

Naomba umwondoe mtaani kwetu yule mhudumu wenu anayepita nyumba kwa nyumba kuwapima wanawake virusi vya Ukimwi, tunayemwita Mama Mkoba. Apelekwe mbali, yeye na mkoba wake. Sababu zangu ni hizi.

1. Ameniharibia mkwe. Mke wa marehemu mwanangu alijifungia chumbani miezi minane, kakonda kama ufito, haongei. Nikimpa uji anakunywa, nikimwambia lala analala. Mkwe mtiifu hivyo utampata wapi? Akaja Mama Mkoba, akavua viatu mlangoni, akakaa naye sakafuni siku tatu bila hata kugusa kipimo, wanapiga soga za magauni tu. Siku ya nne mkwe akaomba kupimwa mwenyewe. Akaanza dawa. Leo kanenepa, cherehani inalia kutwa, na juzi kaniambia mbele ya wageni, "Mama, leo chumvi imekushinda." Mimi! (Haya nayasema kwa ruhusa yake. Mwenyewe huyasimulia kikundini huku anacheka.)

2. Na hicho kikundi. Kila Jumanne wanawake kumi na mmoja wanajazana barazani kwangu kupeana moyo, ndivyo wanavyosema, mimi nasikia vicheko tu. Jirani yangu msusi, zamani mkwe wangu akinywea kikombe, yeye alikisugua kwa majivu mara tatu. Sasa wananyang'anyana kikombe kilekile, kwa kuwa ndicho pekee chenye mkono. Vingine vimevunjika mikono kwa huko kucheka. Ugomvi wa zamani ulinihifadhia vyombo.

3. Saa mbili kamili asubuhi simu ya mkwe wangu inalia kumkumbusha dawa. Kuku wangu wamekariri. Ikilia tu, wako mlangoni wanadai mtama. Jumapili moja simu ilizimika, kuku wakaja wenyewe wakapiga kelele mpaka mkwe akakumbuka kidonge chake. Mganga, hiyo ni nyumba gani inayoongozwa na kuku?

4. Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mama Mkoba amewapima msusi, muuza mkaa, hata mke wa mwenyekiti aliyeapa kwamba yeye hayamhusu. Mimi nikanyoosha kidole. Nikaambiwa, "Bibi yangu, pole, fomu inaishia miaka arobaini na tisa." Nani aliyewaambia mwanamke huishia pale karatasi inapoishia? Wiki iliyofuata nikaenda kwenye hema lenu la kupimia, pale sokoni. Nimepaka nywele rangi, nimeazima blauzi ya mkwe, nikamwambia karani nina arobaini na nane. Mambo yakaenda vizuri mpaka aliponiuliza mwanangu wa kwanza ana umri gani. Nikajibu kwa fahari: hamsini na mbili. Hema zima likaangua kicheko. Mama Mkoba akanishika mkono kunitoa, naye machozi ya kucheka yanamtiririka.

Usiniambie nije huko kwenu. Zahanati mmeijenga mlimani, na goti langu halikushirikishwa.

5. Sasa sikia kwa nini nakitaka kipimo. Fundi saa wa karibu na posta, mgane mwenye meno yake yote, ameleta posa. Nimemwambia asubiri. Yeye keshapanda baiskeli hadi kwenu, akapima, akaniletea majibu kama mtoto aliyefaulu. Mimi sina la kumwonyesha. Marehemu mwanangu aliingia kwenye ndoa na siri yake, akafa nayo, akamwachia mkewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, nacho kilimuumbua mikononi mwangu. Nilimwosha vidonda kwa mikono hii mitupu kwa sababu hakuniambia. Sitabeba siri kuiingiza nyumbani kwa mtu, hata siri nisiyoijua.

Kwa hiyo tuletee mhudumu mwingine, anayejua kuhesabu zaidi ya arobaini na tisa.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa geti na anayefagia. Mama yako mwambie amezaa vizuri, isipokuwa hiyo fomu.

Ni mimi,
Bibi wa nyumba ya kona, yenye kuku.

Nyongeza: Mimi sikusoma. Barua hii ameiandika Mama Mkoba mwenyewe, neno kwa neno, hata nilipomsema. Ndiye pekee mtaani mwenye mwandiko safi na asiyebeba habari za mtu. Alipomaliza namba tano aliweka kalamu chini. Kisha akaichukua tena, akachora kisanduku kipya chini kabisa ya fomu yenu, akaandika "Bibi," akakichoma kidole changu. Tumesubiri pamoja, mkwe wangu kanishika mkono wa pili, kuku wametuzunguka kama mashahidi. Majibu nimeyapata. Si yako, ni yangu na ya fundi saa, na kesho atayasikia kinywani mwangu.

Basi usimwondoe. Ukimgusa, huo mlima nitaupanda na goti hilihili. Na uchapishe fomu ndefu haraka, maana barazani kwangu wameshapanga foleni bibi saba, na wote wamepaka nywele rangi.